Uzi: Nimetoka maonyesho ya wanafunzi wa uchoraji Bagamoyo. Mbona watu wote wametupa mgongo?

#1 Pweza wa Nchi Kavu

Wakuu, habari za Jumapili.

Jana nilikuwa Bagamoyo kwenye arobaini ya mjomba. Shughuli ikaisha mapema, nikasema kabla ya kupanda gari la Makumbusho nipite Mji Mkongwe ninyooshe miguu, pilau ya shughuli mnaijua. Kwenye jengo moja la kale, yale ya kuta nene za mawe ya baharini, nikakuta shuka limeandikwa kwa brashi: MAONYESHO YA UCHORAJI, KARIBUNI, KUINGIA BURE. Sitawadanganya, neno lililoniingiza ni hilo la mwisho.

Ndani kuna picha 43 za wanafunzi wa sanaa za ufundi, vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini. Chuo sikitaji, maana nawajua humu, tutasema mazuri na mabaya. Ngalawa zipo, milango ya nakshi ipo, wauza samaki, wapagazi wa zama za misafara, watoto na mpira wa makaratasi ufukweni, bibi anapepeta mchele. Kazi nyingine nzuri mpaka mkono unataka kugusa.

Nilipofika picha ya kumi na tano hivi nikashtuka. Sijaona uso. Nikarudi mlangoni nikaanza upya, safari hii nahesabu. Picha zenye watu ni 27. Ishirini na mbili, watu wametupa mgongo. Tatu, kichwa kimegeuka lakini ni doa la kahawia tu, halina jicho wala pua. Moja, msichana kajitwika ndoo na maji yanamwagika yakamfunika sura. Moja tu ndiyo yenye macho mawili, pua na mdomo, na hayo yote ni ya mbuzi. Aliyemshika kamba huyo mbuzi katupa mgongo.

Nikamuuliza kijana wa mezani. Akanijibu, "Ni mtindo tu, anko."

Sijaridhika. Kwa nini kizazi kizima cha wachoraji kimegoma kututazama? Nawasilisha.

#2 Dogo wa Mbagala

Uso ni mgumu kuchora. Funga uzi.

#3 Nguva Mstaarabu

Mbuzi 😂😂 Nimecheka mpaka abiria mwenzangu kahama kiti.

Hivi kwani Bagamoyo kuna chuo cha sanaa? Au ni hivi vya juzi juzi?

#4 Mzee wa Dunda

Bibie wa #3, si vya juzi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kimeanza mwaka 1981, na 2007 ndipo kikawa wakala wa serikali na kuitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mimi nyumba yangu haiko mbali, ngoma zao nimezisikia mpaka nimezoea kulala nazo. Sisemi maonyesho ya mleta uzi ni ya kwao, maana siku hizi vijana wa sanaa wako kila kona ya mji huu.

Nije kwenye swali. Mleta uzi umepita barabara ya India, milango umeitazama? Utaona yungiyungi, samaki, minyororo, mawimbi, maua ya mviringo. Mafundi wale walikuwa na patasi kali na mkono mwepesi kuliko wa daktari. Tafuta mtu aliyechongwa kwenye mlango hata mmoja, hutampata. Hawakushindwa. Waliona kuitengeneza sura ya kiumbe ni kujipima na Muumba. Mtoto aliyekulia madrasa ya hapa anaweza kusahau aya lakini mkono haukusahau. Ukifika kwenye jicho unasita wenyewe.

#5 Binti Machame

Shikamoo mzee wa #4. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani na wewe.

Kwanza wanaosoma sanaa Bagamoyo si watoto wa Bagamoyo tu. Binamu yangu katokea Moshi, mwenzake wa chumbani Bukoba. Madrasa wameiona kwa nje. Pili, mji huohuo una misheni ya Wakatoliki tangu 1868, na mle sanamu zina macho yanayokufuata mpaka unatoka.

Tatu, na hili naomba mlichukulie taratibu. Kuna mzee wetu wa Machame, Sam Ntiro, mchoraji aliyezaliwa 1923. Alisoma Makerere, akafundisha hukohuko, baada ya uhuru akawa balozi wetu London. Jumba la makumbusho ya sanaa la New York lina picha yake ya wanaume wanaopeleka mbege kwa bibi harusi usiku. Zitazameni kazi zake: watu wengi, wadogo, kila mmoja ana kazi mkononi, na sura hazina habari yoyote. Unamjua mtu kwa anachobeba. Naye alikuwa Mkristo na wala hakuwa mtu wa Pwani. Kwa hiyo tusiusingizie Uislamu kila jambo la Pwani.

#6 Konda Mstaafu

Jibu ni rahisi, hawa wamerithi tingatinga. Tingatinga haina nyuso. Na huo mtindo umeanzia hapohapo Bagamoyo Wajerumani walipoleta tingatinga la kwanza la kutengeneza barabara, watu wakawa wanalichora.

#7 Mtanga Halisi

Mkuu wa #6, futa haraka kabla wajukuu hawajasoma.

Tingatinga ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini huko Tunduru, kazaliwa 1932. Na kabla hajawa wa Dar alikuja kwetu Tanga kwenye mashamba ya mkonge, hilo mkumbuke. Kuchora kaanza Dar miaka ya 1968 hivi, kwenye vipande vya hadibodi vya mraba, kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ileile ya kupaka baiskeli. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani gari alimokuwa ni la wahalifu wanaokimbia. Kazi yake yote haizidi miaka minne au mitano.

Na kwamba hana nyuso? Chui wake, ndege wake, nyati wake, macho ni makubwa kama visahani. Wanafunzi hao wangekuwa wamemrithi, tungetazamwa mpaka tuone haya. Kwa hesabu ya #1 mrithi wa Tingatinga ni yule mbuzi peke yake.

#8 Dogo wa Mbagala

Tanga mshaanza. Uzi wa Bagamoyo, katani imeingia. Bado chungwa la Muheza.

#9 Mchoraji Njaa

Dogo wa #2 kasema kwa utani lakini kapatia nusu. Nimesoma uchoraji, na sasa napaka mabango ya saluni, kwa hiyo nyuso ndizo zinazonilisha.

Mtu asiyefundishwa huweka macho juu, karibu na nywele. Nendeni kwenye kioo mpime: kutoka utosini hadi kidevuni, macho yapo katikati kabisa. Nusu ya kichwa chako iko juu ya macho na hujawahi kuiona kwa sababu haina kazi. Sasa ukikosea mgongo kwa vidole viwili hakuna atakayejua, mgongo ni mgongo. Ukikosea jicho kwa upana wa punje ya mchele, mama mzazi hamjui mwanawe. Nimewahi kuchora bango la kinyozi, mwenye duka kaniambia, "Huyu umenichora au umenishtaki?" Hela yangu sikuipata.

Halafu ngozi. Boksi la bei nafuu lina tyubu kumi na mbili, moja ni kahawia. Mwanafunzi anaikamua na kuipaka vilevile, mtu anakuwa chungu cha udongo. Akitaka kivuli anatia nyeusi, mtu anakuwa masizi. Sasa nenda ufukweni saa nne asubuhi umtazame mvuvi. Paji lake linang'aa buluu ya anga, karibu na nyeupe. Chini ya kidevu pana wekundu, ni jua linarudi kutoka mchangani. Kwenye shingo kivuli kina uzambarau. Nyeusi haipo popote! Giza unalipata kwa kuchanganya buluu na kahawia. Mimi nililielewa hilo mwaka wa tatu, na nilikuwa si mvivu.

Mgongo umevaa shati. Shati halina matatizo hayo.

#10 Nguva Mstaarabu

Mchoraji wa #9 umenifanya nijitazame kwenye kioo cha gari. Kweli macho yako katikati. Maisha yangu yote nimedanganywa. Asante.

#11 Mama Duka la Vinyago

Nyote mnazunguka tu, hakuna aliyegusa pesa.

Nimeuza picha na vinyago miaka kumi na sita. Mgeni akinunua picha ya uso anaanza maswali: huyu ni nani, yuko wapi, ana umri gani, kwa nini kanuna. Mwisho anairudisha ukutani. Akinunua ya mgongo hana swali, anasema hii ndiyo Afrika, anafungasha. Wale Wamasai wembamba wanaochorwa na shuka nyekundu wako kumi kwenye mstari, mshawahi kuwaona macho? Hakuna. Kijana anachora hamsini kwa wiki. Wanafunzi hawajaanzia darasani, wameanzia madukani kwetu. Wanakuja kutazama kinachotoka.

Na mimi sijisikii vibaya kusema, hata kwangu zenye nyuso nimezipanga nyuma ya kabati.

#12 Binti Machame

Mama wa #11, na mchoraji George Lilanga je? Mashetani yake ni macho, midomo, masikio, meno, sura tupu kuanzia kona hadi kona. Huyu alianza kama mlinzi Nyumba ya Sanaa pale Dar, na hadi anafariki 2005 kazi zake zilishauzwa Ulaya na Marekani. Wageni walinunua nyuso, tena za kutisha.

#13 Mama Duka la Vinyago

Mwanangu, shetani haulizwi jina wala umri. Umenisaidia hoja.

#14 Nahodha wa Zamani

Mimi mambo ya nyuso siyajui. Mleta uzi umesema ngalawa zipo. Una picha kwenye simu? Zitume nizione, maana hawa vijana huwa wananitia kichefuchefu.

#15 Pweza wa Nchi Kavu

Nimeweka nne hapo chini, nahodha. Ile kubwa ya machungwa na zambarau ndiyo iliyokuwa na watazamaji wengi. Kibandiko kinasema "Machweo Baharini, Bagamoyo", shilingi 120,000.

#16 Nahodha wa Zamani

Nilijua tu.

Bagamoyo bahari iko mashariki. Jua linatoka majini, jioni linazama huko Msata kwa watu wa bara. Machweo baharini Bagamoyo hayajawahi kuwepo tangu dunia iumbwe. Huyu kijana anaishi hapo, kila siku jua linamchomozea usoni, halafu anachora hivi.

La pili, hicho chombo ana tengo moja upande mmoja. Ngalawa ina matengo mawili, kulia na kushoto, vinginevyo inalala kama mlevi. La tatu, tanga limejaa upepo kwenda kushoto na bendera ya mlingoti huohuo inapepea kwenda kulia. Kusi na kaskazi vimekutana kwenye mti mmoja. Hao watu waliotupa mgongo mle ndani nawaelewa, wanatafuta pa kurukia.

#17 Dogo wa Mbagala

😂😂😂 Nahodha chukua soda kwa mangi, nalipa.

#18 Mchoraji Njaa

Nahodha wa #16, kwenye tanga umepiga penyewe. Kwenye jua nitamtetea kidogo. Inawezekana alichora mawio, na rangi ni zilezile. Ila mawio nani atayanunua? Mgeni saa kumi na mbili asubuhi amelala. Machweo ndiyo anayaona akiwa na glasi mkononi, hata kama nyuma yake. Jina limebadilishwa mezani.

Maana yake namkubalia mama wa #11, jambo ambalo sikulipanga.

#19 Bi Mkubwa Magomeni

Asalaam alaykum. Magomeni ya Bagamoyo, msije mkaniuliza kituo cha mwendokasi.

Nakaanga samaki pale sokoni. Miaka michache nyuma alikuja kijana na ubao wake, mpole, shikamoo nyingi, akaniomba akae pembeni anichore. Nikamwambia kaa. Kanichora mimi kabisa, na kovu langu la mafuta hapa shavuni. Nikafurahi. Mwaka haujapita mtoto wa dada yangu kaenda kufunga nyaya kwenye hoteli moja, kanikuta ukutani. Mama mdogo upo kule juu ya makochi, kaniambia, na sufuria lako. Nimeuzwa kwa kiasi gani sijui. Mimi sikupata hata kilo ya unga.

Basi tukakubaliana wenyewe pale sokoni. Anayetaka sura atoe chochote kwanza. Asiye nacho achore mgongo, mgongo ni bure. Wanafunzi huwa hawana. Sasa mwatafuta sababu za mbali za nini, si mngekuja kutuuliza?

#20 Dogo wa Mbagala

"Mgongo ni bure" hii inafaa kanga kabisa.

#21 Somo wa Pwani

Na wewe dogo umelitaja neno lenyewe bila kujua.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina liko chini ya mji, na ukijifunga vizuri linaangukia nyuma. Mwanamke wa Pwani akiwa na neno na mwenzie hamkodolei macho. Anavaa, anapita mbele yake taratibu, anampa nafasi asome. Uso unakuwa umetulia kama maji ya kisima, yanayosemwa yako kiunoni. Sasa mchoraji anayetaka kumchora mwanamke huyo akiwa anaongea atamchora wapi? Ukimchora mbele umechora mtu aliyenyamaza.

Hao vijana wamejifunza jambo, hata kama hawajui wamejifunza.

#22 Nguva Mstaarabu

Somo, mwili umenisisimka.

#23 Pweza wa Nchi Kavu

Somo wa #21, maelezo yako ni matamu kiasi kwamba nilitaka yawe ndiyo. Nimerudi kwenye picha za simu nikavuta moja moja. Wanawake wenye kanga nimepata kwenye picha tisa. Jina linasomeka kwenye moja: NIMEKAA KIMYA SIKUSHINDWA. Nyingine zote ni michirizi, kama maandishi ya daktari. Kama mgongo ndio mdomo, mbona midomo minane imefungwa?

#24 Somo wa Pwani

Labda wanajua aliyelengwa ataitambua. 😊

#25 Mwalimu Chaki

Nimefundisha sanaa za ufundi sekondari, nyie mnazama mbali. Waliochora picha 27 hawawezi kufikia uamuzi mmoja bila kuambiwa. Hapo kuna zoezi. Mwalimu kasema chora mwili katika kazi, usichore sura, nataka kuona uzito uko mguu gani. Ni zoezi la kawaida. Mtu akianza na uso, muhula mzima unaishia kwenye kope, mwili unabaki gunia.

Na simu pia. Siku hizi wanachora kutoka kwenye picha za mtandaoni. Hao waliopiga picha nao walipiga kwa nyuma, kwa sababu ya akina bi mkubwa wa #19. Kwa hiyo mgongo umepigwa kwa woga, ukachorwa kwa uvivu, halafu sisi tunauita falsafa.

Ila wapagazi nawatoa. Kama wanatoka bara na pembe za ndovu begani na wanaiona bahari kwa mara ya kwanza, mchoraji akisimama nyuma yao anaona wanachokiona. Bwaga moyo. Mzigo umefika. Hapo mgongo ni sahihi.

#26 Mzee wa Dunda

Mwalimu, hilo la bwaga moyo ulipite kwa uangalifu. Wapo wanaosema ni wapagazi wa Kinyamwezi, wamefika, wanapumua, moyo unatua. Wapo wanaosema ni mateka, wameiona bahari wakajua hapa ndipo matumaini yanaachwa, hakuna kurudi. Mgongo mmoja, na huwezi kujua yupi anapumua na yupi analia. Nimeyasikia yote mawili tangu mdogo na waliokuwa wanayasimulia walikuwa wanagombana.

Na ile ya kwanza kuhusu milango bado nimeishikilia, binti wa #5. Sanamu za misheni zilikuja na meli zikiwa tayari na macho yake.

#27 Binti Machame

Sawa babu 😅 hiyo ya meli umenifunga.

#28 Konda Mstaafu

Ni maonyesho au maonesho? Tangu #1 nasoma kwa shida.

#29 Mtanga Halisi

Wewe uliyetuletea tingatinga la Mjerumani ndiye leo mlinzi wa Kiswahili?

#30 Doa la Kahawia

Habari zenu. Nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi, kuna mtu kautuma kwenye kundi letu la darasa. Mimi ni mmoja wa waliochora. Ile ya ndoo ni yangu.

Nimesoma yote. Nitajibu yangu tu, siwasemei wenzangu.

Tulipelekwa sokoni na ufukweni wiki tatu. Ukikaa mbele ya watu, hawafanyi kazi tena. Anayetengeneza nyavu anaacha, anakaa wima, mikono magotini kama picha ya pasipoti. Watoto wanajipanga mstari. Ukikaa nyuma yao wanakusahau, kamba inavutwa, mtu anainama kweli. Mimi nilijifunza kukaa nyuma. Mwalimu hakutukataza nyuso, mwalimu wa #25 samahani.

Ya pili. Nyuso zilikuwepo. Zilikuwa sita. Tulizichora kwa rangi ya mafuta kwa sababu tuliambiwa uso unahitaji muda wa kurekebisha, zile nyingine zote ni akriliki inayokauka hapohapo. Siku ya kupanga ukuta zile sita zilikuwa bado mbichi, ukigusa inakuja na kidole. Zimelala juu ya meza chumba cha nyuma mpaka leo.

#31 Mchoraji Njaa

Karibu mdogo wangu. Swali la kiufundi. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji, inakauka kwa kuvuta hewa, kwa hiyo unyevu wa bahari sio wa kulaumiwa peke yake. Lakini kahawia za udongo ndizo zinazowahi kukauka kuliko karibu zote. Uso wa mtu mweusi ulitakiwa uwe wa kwanza kukauka. Mlichanganya na nini?

#32 Doa la Kahawia

Nyeusi. Nyingi.

#33 Mchoraji Njaa

Someni #9. Nyeusi ni mvivu wa kukauka kuliko karibu zote. Sijasema zaidi.

#34 Mwalimu Chaki

Nyuso sita mbichi haziwezi kueleza migongo ishirini na mbili. Hata zingekuwa ukutani bado swali la #1 lingekuwepo. Na kijana, kukatazwa si lazima kwa maneno. Aliposifu picha darasani, alisifu zipi?

#35 Doa la Kahawia

Za mgongo 🙈

#36 Bi Mkubwa Magomeni

Wewe mtoto ndiye uliyekaa nyuma ya kapu langu siku ya mvua? Mwenye kofia ya kijani?

#37 Doa la Kahawia

Shikamoo mama. Ndiyo mimi. Sikukuchora, naapa. Nilichora kapu.

#38 Pweza wa Nchi Kavu

Asante kijana kwa kujitokeza. Nitarudi Jumamosi nizione hizo sita hata kama zinashika kidole. Na ile ya mbuzi niliipenda kuliko zote, siku ile mfukoni nilikuwa na nauli tu. Bado ipo? Bei gani?

#39 Doa la Kahawia

Anko, mbuzi ameshauzwa jana hiyohiyo jioni. Ya rafiki yangu ile. Kanunua yule baba aliyeshika kamba.

#40 Nguva Mstaarabu

Subiri. Kajijuaje na hana uso?

#41 Doa la Kahawia

Alikuwa anapita na mbuzi wake akachungulia. Kajijua kwa shati, lina kiraka begani, mkewe ndiye aliyekishona. Alisimama mbele ya picha kama robo saa, halafu akauliza hivi kweli naenda nimepinda namna hii. Kalipa nusu, nyingine mwisho wa mwezi.

#42 Dogo wa Mbagala

Nusu nyingine alipe mbuzi, si ndiye aliyechorwa sura.